Kura ya Mdomo

Gottlieb Krahnert hakuwa na nyumba yake mwenyewe. Hakuwa na shamba, wala ng'ombe, wala ndugu wa kiume wa kumkimbilia. Hakuwa na sauti ya kuimba. Kanisani alichezesha midomo tu na kuwaachia wengine kazi ya kumsifu Mungu. Hakuwa na ajira ya kudumu, ingawa ndevu zake zilikuwa zimeanza kuota mvi katika kazi ya Serikali ya kugeuza njia za reli pale stesheni ya Kaltenrode. Hakuwa na chama. Hakuwa na adui. Na hakuwa na mazoea ya kujibu swali kabla hajajua muulizaji anataka kusikia nini.

Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo, na karibu chote kilikuwa mikononi mwa watu wengine. Nyumba ya matofali kando ya reli ilikuwa ya Serikali. Daktari aliyemtibu Lina, binti yake mwenye kifua kibovu, alilipwa na mfuko wa matibabu wa watu wa reli. Wa kwake hasa walikuwa huyo Lina, na mkewe Guste, na kaka yake Guste, seremala Emil Pohlenz, mtu wa kelele aliyeanza kuucheka mzaha wake kabla hajaumaliza.

Mwaka wenyewe, mwaka 1908, ulianza vizuri. Mwezi wa Januari, siku ya kuzaliwa kwa Kaisari, aliye pia Mfalme wa Prussia, watu wa reli walikusanyika ukumbini kwa Lindner, wakasimama na kupaza sauti mara tatu kumtakia Mfalme heri, kisha wakaletewa bia na soseji. Stesheni masta, Bwana Dierksen, alipita akiwapa watu mkono. Alipofika kwa Gottlieb hakupita.

"Krahnert," alisema, "jina lako nimelipeleka juu. Mwaka huu utaingia kwenye ajira ya kudumu. Pensheni, nyumba mpaka uzeeni, kila kitu."

"Ahsante sana, Bwana Stesheni Masta."

"Usinishukuru mimi. Wewe endelea kuwa mtu mtulivu."

Gottlieb alirudi nyumbani na kumsimulia mkewe. Guste alikaa kitini, akaufunika uso kwa aproni akalia kidogo, kisha akaondoka kwenda kumenya viazi. Tangu siku ile akawa anaiangalia ile nyumba kwa jicho jingine. Alipaka chokaa ukuta wa jikoni. Alipanda mche wa zabibu ukutani upande wa kusini, mti ambao mtu hapandi mahali asipotarajia kukaa.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa bunge la Prussia, na uchaguzi ule ulikuwa na namna yake. Wanaume wa mtaa waligawanywa madaraja matatu kwa kodi waliyolipa. Wachache waliolipa nyingi walikuwa daraja la kwanza, wa kati la pili, na umati uliobaki la tatu. Na kila daraja, liwe na mtu mmoja au mia tatu, lilitoa mjumbe mmoja wa kwenda kumchagua mbunge. Tena hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mtu aliitwa jina, akasogea mbele ya meza, akataja kwa sauti jina la anayemtaka, na karani akaliandika mbele ya macho ya watu wote.

Siku zote Gottlieb alikuwa wa daraja la tatu. Aliwahi kwenda huko na kunong'ona jina lolote lililokuwa limetajwa na mtu aliyemtangulia. Hakuna aliyemsikia, hakuna aliyejali. Lakini mwaka ule mfanyabiashara wa nafaka, mtu mzito wa kodi, alikuwa amehamia Berlin, na mstari wa madaraja ukateremka. Orodha ilipobandikwa, Gottlieb alikuta watu wamejaa mlangoni pa ofisi ya mji, na mwokaji Nehring aliyekuwa mbele akageuka na kupiga kelele:

"Pisheni jamani, pisheni! Tajiri anapita!"

"Tajiri gani?" Gottlieb aliuliza.

"Wewe hapo! Daraja la pili, wa mwisho kabisa mkiani. Vua kofia ujisalimie."

Walicheka, naye akacheka nao, maana kucheka na watu ni salama kuliko kunyamaza. Aliisoma orodha mara mbili. Daraja la kwanza lilikuwa na mtu mmoja, mwenye kiwanda cha pombe, ambaye kila uchaguzi alisimama mwenyewe mbele ya meza, akajitaja mwenyewe, akajipongeza na kwenda zake. Daraja la pili lilikuwa na watu saba. Wa saba alikuwa yeye.

Jumapili ile Emil alikuja kula. Hakuwa hata amevua koti.

"Shemeji! Umeniacha mbali! Mimi mwenye karakana nimebaki na makabwela huku chini, na wewe mshika vyuma vya Serikali uko juu!"

"Mshahara wangu mtoza kodi anaujua mpaka pfenigi ya mwisho," Gottlieb alisema. "Wako anaujua Mungu peke yake."

"Na Mungu si mbeya, ahsante Bwana Yesu."

Guste alimpiga kaka yake mkononi kwa mwiko. Walikula matonge ya viazi na kabichi, na sahani zilipokuwa karibu tupu ndipo Emil akasema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake:

"Wenzangu wamenisimamisha niwe mjumbe. Kwenye daraja lenu."

Tonge la Gottlieb lilisimama njiani.

"Si wewe ni wa daraja la tatu?"

"Mjumbe anaweza kutoka daraja lolote, mradi ni mkazi wa mtaa. Wametafuta mwingine wakakosa. Kila mtu ana bosi. Mimi bosi wangu ni randa."

"Na upande wa pili?"

"Mfamasia Stüwe. Mtu wa wenye mashamba, na wa Serikali yako." Emil akafuta sahani kwa mkate. "Sikuombi kitu, shemeji. Nimekuja kukwambia usije ukasikia barabarani. Umeelewa? Sikuombi kitu."

Gottlieb angefurahi kama angeombwa. Mtu akikuomba unaweza kumkatalia.

Bwana Dierksen naye hakuomba. Alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla.

"Nasikia shemeji yako amepata makuu."

"Ndiyo, Bwana Stesheni Masta."

"Mimi sikutishi, Krahnert. Serikali haimtishi mtu. Kura ni ya kwako." Aliinyoosha kalamu yake iwe sambamba na ukingo wa meza. "Ila mtu aliyekula kwangu akanitemea mchuzi, siwezi kumpeleka juu nikasema ni mwaminifu. Ningekuwa mwongo. Siku ya uchaguzi nimekupa ruhusa ya nusu siku uende. Mimi mwenyewe nitakuwa mezani, nimeteuliwa kwenye kamati ya uchaguzi."

Kuanzia hapo Gottlieb akawa mtu wa kutafuta mlango. Akiwa kibandani kwake, mkono kwenye mtaimbo wa kugeuzia reli, alifikiria mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliukuta umepigwa misumari.

"Usiende," Guste alisema.

"Asiyekwenda ataulizwa kwa nini. Nimepewa ruhusa, Guste. Ruhusa ya kwenda."

"Basi ugua."

"Nikiugua ataletwa daktari wa reli."

"Ugua kweli, basi! Kaa kwenye mvua!" Kisha akakumbuka Lina alivyokohoa chumba cha pili, akaliacha. Akasema kwa hasira, "Nyinyi wanaume mnashangaza. Mimi sijawahi kuulizwa nataka nini tangu nizaliwe. Wewe unaulizwa, unatafuta pa kujificha."

"Ungekuwa wewe ungemtaja nani?"

Guste alifungua mdomo. Alimwangalia mumewe, akaangalia ule ukuta mweupe wa jikoni, na mdomo akaufunga.

Siku chache kabla ya uchaguzi, Gottlieb akaona mwanga. Sheria haikusema mtu lazima amtaje Stüwe au Pohlenz. Ilisema amtaje mkazi wa mtaa. Na Mchungaji Hasselbach alikuwa mkazi wa mtaa. Nani angemfukuza mtu kazi kwa kumtaja mchungaji? Nani angemwita msaliti? Aliificha fikra hiyo kama mtu aliyeokota dhahabu, hata mkewe hakumwambia. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Juni ukumbini kwa Lindner. Daraja la tatu lilianza, wakamaliza, wakatolewa nje kama sheria ilivyotaka. Lakini hawakwenda makwao. Ilikuwa siku ya joto na madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo wafyatua matofali na wasokota sigara walijipanga nje, viwiko vyao juu ya vizingiti, vichwa ndani.

Mezani alikaa mwalimu mkuu mstaafu, mzee Kolbe, ndiye mwenyekiti. Pembeni yake karani na kalamu yake, na upande wa pili Bwana Dierksen amevaa sare na medali. Mfamasia Stüwe alikaa kati ya wapiga kura, mguu juu ya mguu. Emil, ambaye hakuwa wa daraja lile, alikuwa nje dirishani pamoja na wenzake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa akisema kitu.

Waliitwa kwa ukubwa wa kodi. Mwenye kinu cha unga alisema, "Stüwe." Mfamasia mwenyewe alisema, "Stüwe," akainamisha kichwa kidogo kama anayejitambulisha. Akaitwa Lindner, mwenye ukumbi. Lindner aliyatazama madirisha yaliyojaa watu wanaokunywa bia kwake kila Jumamosi.

"Pohlenz," alisema.

Mwuza vitambaa naye aliyatazama madirisha, naye akasema Pohlenz. Mwokaji Nehring alisimama anatoka jasho kama yuko mbele ya tanuri. Mkate wake ulikwenda stesheni, ukaenda pia kwenye kila nyumba ya mfyatua matofali.

"Sema, Nehring," mwenyekiti alisema.

"Nasema. Pohlenz. Mungu anisamehe."

"Kesho tunanunua kwako, babu!" sauti ilisikika dirishani. "Na deni lile endelea kulisahau!"

Mwenyekiti aligonga meza kunyamazisha kicheko. Mwalimu wa shule, mtu wa mshahara wa Serikali, alisema "Stüwe" upesi upesi na kurudi kwenye kiti chake bila kumtazama mtu. Ndipo Gottlieb alipoelewa jambo ambalo kwa ajili ya ile dhahabu yake hakuwa amelipigia hesabu. Mizani ilikuwa imesimama sawasawa, na aliyebaki alikuwa yeye.

"Krahnert, Gottlieb."

Alisogea mezani. Alisema alivyokuwa amejifunza kusema:

"Mchungaji Hasselbach."

Dirishani mtu akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, na hata mwenye kinu akatabasamu. Gottlieb akageuka aende zake.

"Ngoja, ngoja, unakwenda wapi?" mzee Kolbe alisema. Alikuwa akifunua kitabu cha kanuni. "Hakuna aliyevuka nusu. Kwa hiyo tunarudia hapa hapa, kati ya hao wawili wa juu tu. Jina jingine lolote ni batili."

"Na likiwa batili?" Gottlieb aliuliza kwa haraka. "Wakilingana?"

"Tutaokota karatasi, bahati iamue."

Moyo wa Gottlieb uliruka. Mlango! Lakini Bwana Dierksen aliinama mbele, akasema kwa upole, kama baba anavyosema na mtoto:

"Krahnert, ukimtaja mchungaji mara ya pili, wote hapa tutajua ulikuwa unamficha nani."

Wakaitwa tena, mmoja mmoja, wakarudia yale yale. Mwokaji Nehring alirudia kwa kunong'ona, na wa dirishani wakamwambia apaze. Gottlieb alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Alijaribu kufikiria na hakuweza. Aliona medali. Aliona kiwiko cha Emil kwenye kizingiti, na vumbi la mbao kwenye nywele za mkono ule. Emil alikuwa ametazama chini ili asimtie aibu.

"Krahnert, Gottlieb."

Aliizungusha kofia vidoleni. Bwana Dierksen akachoka kungoja, akamgusa karani mkono na kusema, bila hata kuinua macho, "Andika Stüwe. Tumalize."

Na karani akachovya kalamu.

"Sijasema," Gottlieb alisema.

Dierksen aliinua macho.

"Sijasema bado, Bwana Stesheni Masta. Huyu anaandika na mimi sijasema." Aliisikia sauti yake ikiwa kubwa kuliko alivyoizoea, ikamtisha, lakini ilikuwa imeshatoka na kurudi haikuweza. "Pohlenz. Andika Pohlenz."

Kelele za nje zilitikisa vioo. Walitaka kumbeba mabegani, akawakwepa kwa kupitia mlango wa jikoni, akaenda moja kwa moja kibandani kwake, maana nusu siku ilikuwa inakaribia kwisha na treni ya mizigo ilikuwa njiani.

Baada ya hapo halikutokea jambo lolote, na hilo ndilo lililomtesa. Alingoja aitwe; hakuitwa. Bwana Dierksen alimsalimia kwa adabu kuliko zamani. Ile barua ya ajira ya kudumu haikuja. Kila treni ya Berlin iliyoingia, Gottlieb alitazama mfuko wa posta ukishushwa. Guste alianza kufunga vyombo kwenye sanduku, akavifungua wapate kula, akavifunga tena. Mche wa zabibu ulifika dirishani, naye hakuutazama. Juni ikapita hivyo, kiangazi chote kikapita hivyo. Mtu aliyehukumiwa hujua siku yake. Wao hata hukumu hawakusomewa.

Mwezi wa Novemba magazeti yote ya Ujerumani yalikuwa yakimlaumu Kaisari mwenyewe, kwa mambo aliyoyasema kwa Waingereza yakachapishwa. "Umeona?" Emil alimwambia shemeji yake. "Hata yeye ameambiwa afunge mdomo. Mko wawili." Gottlieb hakucheka. Siku ile alikuwa ameitwa ofisini hatimaye.

Mambo yalikuwa hivi. Mbunge wa wilaya, asiyependwa na wenye mashamba, alikuwa ameshinda kwa wajumbe wachache mno. Upande ulioshindwa ukalalamika bungeni, na tume ikawa inachunguza mjumbe mmoja mmoja. Ingethibitika kwamba mpiga kura fulani wa Kaltenrode alitishwa, kura yake ingefutwa, na mjumbe Pohlenz pamoja nayo.

"Tume imetaka maelezo yako kwa maandishi," Bwana Dierksen alisema, akamsogezea karatasi. "Mimi nimekusaidia maneno. Wewe unanakili kwa mkono wako na kutia sahihi. Ukifanya hivyo, hili hapa," na akagusa bahasha nyingine yenye muhuri wa Kurugenzi ya Reli, "ni ajira yako. Nimekuwa nayo muda. Usipofanya, nyumba inahitajika kwa mtu mwingine kabla ya Krismasi."

Jumapili baada ya ibada walikaa mezani wote watatu, Gottlieb, Guste na Emil, na ile karatasi katikati kama mgeni mbaya. Guste aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba seremala Pohlenz alimfuata shemeji yake na shoka, akaapa kumchomea nyumba asipomtaja.

"Shoka!" Emil alisema. "Mimi nina shoka zuri hivyo? Wangeandika randa, watu wangeamini." Alijaribu kucheka, kicheko kikamwishia mdomoni. "Andika, shemeji."

"Utafungwa."

"Miezi. Sina mke, sina mtoto. Nitakula mkate wa Mfalme bure na nitatengeneza majeneza ya gereza. Nyinyi mtakwenda wapi na kifua cha huyu mtoto, Desemba?"

"Nyamaza, Emil," Guste alisema.

"Nasema kweli."

"Najua unasema kweli, ndiyo maana nakwambia nyamaza!" Alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. Alimgeukia mumewe. "Baba Lina, usiniulize. Nakuomba. Huyu ni kaka yangu na yule ni mwanangu. Chochote utakachofanya nitakuwa nimeumia, na chochote utakachofanya nitakupikia kesho. Ila usiniulize mimi."

Chumba cha pili Lina alikohoa. Walimsikiliza mpaka akamaliza.

Gottlieb alivuta kidau cha wino. Alichukua karatasi safi, akaiweka kando ya ile ya Bwana Dierksen, akaandika tarehe na jina la tume kama lilivyoandikwa, kwa herufi zake za shule, kubwa na za taratibu. Kisha akasimamisha kalamu. Emil alikuwa ametazama dirishani. Gottlieb akaisoma tena ile karatasi ya kunakili na kuona, pale juu kabisa, kwamba tume ilikuwa imeuliza swali moja tu, tena fupi: je, alitishwa?

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo kamili namna ile.

Akaandika: *Waheshimiwa. Nilitishwa. Aliyenitisha ni Stesheni Masta Dierksen, ofisini kwake, kabla ya uchaguzi, na tena mezani siku yenyewe, na tena wiki hii kwa karatasi ninayoiambatanisha, ambayo ni mwandiko wake. Shemeji yangu Pohlenz aliniambia mara mbili kwamba haniombi kitu. Jina nililolitaja nililitaja mwenyewe. Gottlieb Krahnert, mgeuza njia za reli, kwa sasa.*

Guste alisoma juu ya bega lake. Alipofika kwenye "kwa sasa" alitoa sauti ndogo. Alikwenda kwenye sanduku la vyombo, akatafuta, akarudi na mshumaa na kipande cha lakiri nyekundu.

"Ungenakili tu, mjinga wewe," Emil alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ungenakili tu."

Gottlieb alizikunja karatasi zote mbili pamoja, akazitia kwenye bahasha. Guste alishika mshumaa. Lakiri ikadondoka, tone baada ya tone, na kwa kuwa Gottlieb hakuwa na pete wala muhuri, aliigandamiza kwa kidole gumba na kuvumilia moto wake.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya zamu, alisimama kwenye dirisha la posta. Karani aliipima bahasha, akasoma anwani, akamtazama Gottlieb, akaisoma tena.

"Hii unataka iende?" aliuliza.

"Iende," Gottlieb alisema, na karani akaipiga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa posta.